Miwani ya Kibera na mchele usiokuwemo

Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye maonyesho ya utafiti wa sanaa, historia na fasihi hapa jijini Nairobi. Taasisi iliyoyaandaa sitaitaja, maana walinipokea kwa heshima na chai walinipa, na ninalotaka kulisema halimhusu mwenyeji mmoja tu. Kwenye kona moja ya ukumbi palikuwa na kiti kinachozunguka. Kando yake alisimama kijana mwembamba aliyeshika miwani mikubwa myeusi, mithili ya ile wanayovaa wachomeleaji wa vyuma.

"Karibu, mwalimu. Kaa tu, haiumi," akaniambia.

Nikavishwa. Mara ukumbi ukatoweka na nikajikuta katika kichochoro cha mabati. Nilipogeuza shingo kushoto, picha nayo iligeuka. Nilipoinama nikaona mtaro wa majitaka pale ambapo miguu yangu ilipaswa kuwa. Sauti ya mwanamke, Kiingereza chake kimenyooka, ikaniarifu kwamba niko Kibera, kisha ikanieleza habari za umaskini, uhaba wa vyoo na matumaini. Watoto walinipungia mkono. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki aliinua macho, akanitazama, akayarudisha kwenye karai lake. Kwa dakika nne nzima hakuna hata mmoja wao aliyesema neno.

Nilipoivua miwani nilijicheka kimoyomoyo. Kutoka ukumbi ule hadi Kibera ni safari ya matatu moja.

"Mwalimu, umeona pale kwa kinyozi?" kijana akaniuliza.

Nikamjibu kwamba sikuona kinyozi yeyote.

"Kuna kibanda imepakwa rangi ya kijani, mkono wa kulia. Hapo ni kwa kinyozi. Sisi tulikuwa tunakaa nyuma yake, mlango wa tatu. Saa hii hapo ni lami. Walibomoa 2018."

Alinieleza kwamba alikuwa ameisimamia kona ile kwa siku mbili, na kila ukumbi ulipokosa watu aliivaa miwani mwenyewe, akaenda kusimama karibu na kwao. Kisha akateremsha sauti: "Si unaweza kuwaambia wanipatie hiyo video? Mathe hajawahi kuona hiyo nyumba tangu ibomolewe."

Nilikwenda kuwaambia. Nilijibiwa kwa upole kwamba picha ni mali ya mfadhili aliye ng'ambo na kwamba masharti hayaruhusu kutoa nakala. Nilipouliza filamu ilipigwa lini, hakuna aliyejua kwa hakika. Kwamba mahali penyewe pameshatoweka, hilo nalo walilisikia kwangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiligeuzageuza neno moja kichwani.

PEPE NI NINI?

Kiswahili kimekubali kuiita teknolojia hii uhalisia pepe. "Pepe" tumeizoea katika barua pepe, na wengi wetu tukiisikia tunafikiria upepo, yaani kitu chepesi kinachosafiri bila kushikika. Lakini fungua kamusi, mpenzi msomaji, au muulize mama wa pwani anayepepeta mpunga kwa ungo. Pepe ni punje ya nafaka isiyo na kitu ndani. Kwa nje ni mpunga kamili, ganda lipo, ncha ipo, hata rangi ipo. Ukiibonyeza kati ya vidole, inasinyaa. Ungo ukirushwa, zile nzito hurudi, pepe hupeperuka.

Sidhani waliolieneza neno hili walikusudia kututega. Hata hivyo wametupa kipimo kizuri cha uhakiki. Katika vyuo vya ulimwengu, na sasa hapa kwetu, watafiti wa fasihi, historia na sanaa wanazidi kuvutiwa na picha za pande zote, ramani za kidijitali na majengo yanayofufuliwa kwenye tarakilishi. Nami sina ugomvi na chombo chenyewe. Ninachouliza ni hiki: ungo ukirushwa, kinachorudi ni nini?

Mwaka 2015 mtengenezaji filamu wa Marekani, Chris Milk, aliisifu teknolojia hii jukwaani kuwa ni mashine ya kuzalisha huruma. Mwaka huohuo filamu aliyoitengeneza pamoja na Gabo Arora, Clouds Over Sidra, ilionyeshwa kwa viongozi na matajiri waliokutana Davos, Uswisi. Inamhusu msichana wa Syria mwenye umri wa miaka 12 katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, Jordan. Sidra angalau ana jina, na masimulizi yanayotuongoza ni yake. Walioiga mtindo huo baadaye, akiwemo aliyeipiga ile filamu ya kichochoro, waliichukua kamera wakaliacha jina.

Tunapofundisha ushairi katika shule za upili, tunawaambia wanafunzi kwamba taswira si ya jicho pekee. Ipo ya kusikia, ya kunusa, ya kuonja na ya kugusa. Mshairi akiutaja udi, hana udi mkononi. Msomaji ndiye anayeutafuta katika kumbukumbu zake mwenyewe na kwa namna hiyo anashiriki kazi ya kulijenga shairi. Miwani inatupa macho na masikio, na vingine vyote inaviacha mlangoni. Kwa Kibera, pua ndiyo iliyodhulumiwa zaidi. Kila mgeni huandika harufu moja tu, ya mtaro. Chapati za jioni, omena, makaa yanayoshika moto na sabuni ya nguo zilizoanikwa hazijampata mwandishi.

Kuna jambo jingine, nalo ni la kiufundi. Kamera ya pande zote huona kila upande, kwa hiyo mpiga picha hana pa kusimama. Huiweka juu ya kigingi chake, akaiwasha, akakimbia kujificha nyuma ya ukuta. Ndiyo maana watazamaji wake hujiona wako peke yao na wenyeji. Katika utafiti wa nyanjani tumefunzwa kinyume: mtafiti ajitaje, aseme alikuja lini, alialikwa na nani, aliuliza nini. Hapa chombo chenyewe kinamfundisha kutoroka. Yule mama wa samaki aliyeinua macho hakuwa akinitazama mimi. Alikitazama kigingi, na pengine alijiuliza mwenyewe yuko wapi.

Mswahili haingii kwa mtu kimyakimya. Hupiga hodi, akasubiri karibu, na asipoijibiwa hodi ya tatu huenda zake. Uhalisia pepe wa aina ile hauna hodi. Mtu anaingia mpaka jikoni, anatoka, na mwenye nyumba hajui kwamba amepata mgeni.

Nairobi yenyewe imelijibu tatizo hilo. Mwaka 2017 wasanii wa The Nest Collective walitoa filamu ya uhalisia pepe, Let This Be a Warning. Katika kisa chake, Waafrika wameihama dunia na kujenga makao katika sayari ya mbali, nao wanapata mgeni ambaye hawakumwalika. Mgeni huyo ni wewe uliyevaa miwani. Wanakuzunguka na kukuhoji, nawe huna raha. Filamu nyingi za Kibera humpa mtazamaji cheo cha mfadhili, hii inampa cheo cha mtu aliyeingia bila hodi. Kwangu, hapo ndipo chombo hiki kilipoanza kujihakiki chenyewe.

MAWE HUPIMWA, MABATI HUHURUMIWA

Ukitaka kujua jamii inathamini nini, tazama inapima nini. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza, na kutoka humo zimetengenezwa taswira ambazo mtafiti anaweza kuzitembelea kwa tarakilishi. Ni kazi ya maana. Magofu hayo yaliingia katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalikuwa kwenye orodha ya turathi zilizo hatarini. Bahari inakula, mvua inabomoa, miti inapasua kuta. Aliyeyapima ameacha rekodi.

Lakini mabati ya Kibera nayo yako hatarini, tena kwa kasi zaidi. Alfajiri ya Jumatatu, Julai 23, 2018, matingatinga yaliingia humo kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nyumba, biashara na shule ziliangushwa na maelfu ya watu wakahama. Gofu la mawe likianguka, kuna mtafiti wa kulililia. Mtaa wa mabati ukianguka, kuna takwimu tu. Tukienda Kilwa tunauliza nani alijenga, lini, kwa ajili gani, chumba hiki kilikuwa cha nini. Tukifika Kibera tunauliza unajisikiaje. Pa mawe tunabeba rula, pa mabati tunabeba leso.

Wapo walioonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Museum of British Colonialism, iliyoanzishwa mwaka 2018 na kundi la Wakenya na Waingereza, ilishirikiana na shirika la African Digital Heritage la Chao Tayiana Maina kuzifufua kwenye tarakilishi kambi walimofungiwa watu wakati wa vita vya Mau Mau. Miongoni mwake ni Mweru na Aguthi katika eneo la Nyeri, ambazo siku hizi ni shule. Watafiti walikwenda mahali penyewe, wakatazama yaliyosalia, wakawasikiliza wazee waliopitia huko, wakasoma nyaraka. Kazi hiyo ilihitajika kwa sababu wakoloni walichoma baadhi ya faili na kuficha nyingine. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi nyaraka za Kenya huko Hanslope Park, na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa walalamishi 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hapo picha ya kidijitali inashuhudia, na shahidi huulizwa maswali.

Swali kuu la kumuuliza shahidi wa namna hiyo ni moja: hapa unajua, au unakisia? Wanaohusika na kufufua turathi kwa tarakilishi waliliona hilo mapema. Waliandika mwongozo unaojulikana kama London Charter, ambao toleo lake la 2009 linataka kila taswira iwe na maelezo yatakayomwezesha mtazamaji kutenganisha ushahidi na dhana. Sisi wa fasihi tunaifahamu kanuni hiyo kwa jina jingine. William Hichens alipochapisha Diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940, mashairi hayo yalikuwa yamepitia vinywa vya wazee wa Mombasa na mikono ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, mengi yakiwa yameandikwa kwa hati za Kiarabu. Mhariri mwaminifu wa kazi kama hiyo akifika penye neno lililofifia, huweka alama pembeni. Humwambia msomaji: hapa nimejaza mwenyewe.

Sasa nionyesheni pembeni ya miwani. Picha inaujaza upeo wote wa macho, na kwa kuwa imejaza kila mahali, hakuna pa kuandika "nimekisia". Ndiyo sababu uhalisia pepe unadanganya kirahisi kuliko kitabu, hata pale ambapo mtengenezaji hakukusudia uongo.

KIBERA NI MAKTABA

Jina la Kibera lenyewe ni hati ya kihistoria. Limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu au kichaka. Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles pamoja na familia zao, waliwekwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita katika ardhi iliyozidi ekari 4,000. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya kumiliki ekari 288. Hebu wazia taswira ya kidijitali inayoonyesha msitu ule ukipungua mwaka baada ya mwaka, reli ikipita, mitaa ya kifahari ikimega upande huu, mabati yakisongamana upande ule. Hiyo ingemfundisha mtazamaji kwamba msongamano una historia, na kwamba si tabia ya watu. Na kila kijiji kina neno la kuchimbuliwa. Laini Saba, kwa simulizi nilizowahi kuzisikia, inarudi kwenye uwanja wa kulenga shabaha wa askari wale. Kisumu Ndogo inakwambia watu walitoka wapi. Soweto inakwambia walikuwa wakisikiliza habari za nani redioni.

Tusije tukafikiri pia kwamba Kibera imesubiri miwani ndipo ionekane. Mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alitandaza picha za macho na nyuso za wanawake wa Kibera juu ya mapaa yenye ukubwa wa mita 2,000 za mraba. Nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa. Gari moshi lilipopita, macho yaliyokuwa juu yake yalikutana kwa nukta chache na nusu ya chini ya uso iliyotandazwa kwenye mteremko wa reli. Nimewasikia wahakiki wakiisuta kazi hiyo kwamba ilikusudiwa watazamaji wa angani na wa majumba ya sanaa ya Ulaya. Sawa. Lakini picha za mapaa zilichapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Mvua iliponyesha, mwenye nyumba alilala pakavu. Hata kama jicho lile lilimtazama mtu wa Paris, mgongo wake ulimkinga mtu wa Kibera. Ungo ukirushwa, hapo kuna punje inayorudi.

Mwaka huohuo ukaanza mradi wa Map Kibera, ulioasisiwa na Erica Hagen na Mikel Maron. Hadi wakati huo, ramani za kidijitali ambazo umma uliweza kuzitumia zilionyesha Kibera kama doa tupu. Vijana wa vijiji vya humo walifundishwa kutumia vifaa vya setilaiti, wakatembea, wakaandika kwenye OpenStreetMap vituo vya maji, zahanati, shule, makanisa, misikiti na vichochoro. Sensa ya mwaka huo nayo ikahesabu watu 170,070, ilhali kwa miaka mingi tulikuwa tumekaririshwa kwamba ni milioni moja. Idadi nayo ni taswira, na ile ya milioni ilikuwa pepe iliyonenepeshwa na wengi waliohitaji ionekane nene.

Kisha kuna uwanja wa Silanga. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, lenye makao yake Gigiri hapahapa Nairobi, lilianza kutumia mchezo wa tarakilishi wa Minecraft kuwashirikisha wakazi katika kupanga maeneo ya umma, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Mchezo huo hujengwa kwa vijiwe vya mraba, hauna uzuri wa kamera. Hata mtoto anajua kwamba kile si kiwanja halisi. Lakini mtumiaji anaweza kukiondoa kijiwe kimoja akasema, taa iwe hapa, choo kiwe pale, hapa usiku tunaogopa. Miwani ya kichochoro ilifanana mno na Kibera na haikumruhusu mwenyeji kugusa chochote. Vijiwe vya Silanga havikufanana na Kibera hata kidogo, na mwenyeji aliweza kuvihamisha. Kati ya hivyo viwili, ningeulizwa upi ndio uhalisia, nisingekawia kujibu.

NA KAWANGWARE JE?

Mimi ni mkazi wa Kawangware. Tofauti na Kibera, kwetu kamera hazifiki sana. Hatuna reli ya kupendeza kwenye filamu, wala Hollywood haijaja kutupiga picha kama ilivyofanya Kibera kwa The Constant Gardener ya 2005. Tumepakana na Lavington, ukuta kwa ukuta, na wapita njia wengi hutujua kwa namba ya matatu tu. "Unashukia wapi?" "Foti siksi." Hata Kibera ina namba yake. Msanii Octopizzo amelijenga jina lake juu ya namba nane, njia ya matatu ya huko kwao. Haya ndiyo majina ambayo ramani rasmi hazina na kondakta hakosi.

Jina letu nalo lina hazina yake. Wengi husimulia kwamba linatokana na ngware, neno la Kikikuyu la ndege ambaye kwa Kiswahili ni kwale. Zitamke mbili hizo, ngware na kwale, usikie zinavyoshabihiana. Mtaa uliojaa vioski na moshi wa mahindi ya kuchoma unabeba jina la ndege wa vichakani. Hakuna miwani itakayokuonyesha kwale huyo. Neno pekee ndilo limemhifadhi.

Mwaka jana niliwatoa wanafunzi wangu wanne tutembee kutoka stage ya 46 kuelekea Gatina, tukirekodi kwa simu majina ambayo watu wanayatumia kuelekezana. Tulipata mengi: kwa mti, ambapo mti ulishakatwa; kwa maji, ambapo mfereji umekauka; kanisa linaloitwa kwa rangi ya lango ambalo limeshapakwa rangi nyingine. Nikafurahi, nikajiona mtafiti. Ndipo mama mmoja muuza mboga akatusimamisha.

"Nyinyi mnapima nini hapa?"

Mwanafunzi mmoja akamweleza kwa adabu kwamba tunarekodi majina tu, ni mambo ya lugha.

"Hata wale wengine walisema tu hivyo, mtoto wangu. Wakapita na kamera, wakaenda. Tukaamka tukapata X kwenye ukuta."

Aliyewahi kuishi kwenye mitaa yetu hahitaji kufafanuliwa. Alama ya X kwa rangi nyekundu maana yake ni kwamba nyumba yako itabomolewa. Kwa mama yule, kupimwa na kubomolewa ni hatua mbili za safari moja. Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sina lililokamilika. Ramani inayomwezesha mwenyeji kudai zahanati ndiyo hiyohiyo inayomwonyesha mwenye tingatinga pa kupita. Nilichoweza kufanya ni kuzima simu, kumsikilizisha yote tuliyorekodi, na kufuta kile alichotaka kifutwe. Alitaka jina moja tu lifutwe. Jingine akalisahihisha.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo, nao ndio ninaoutetea leo. Taswira ya mtaa wa watu, iwe ya miwani, ya ramani au ya vijiwe, haijawa utafiti mpaka wenyeji wameitia majina kwa lugha yao, mtengenezaji amesema ni wapi amekisia, na nakala imebaki mikononi mwa waliopigwa picha. Bila hayo ni utalii wa kukaa kitini. Vyuo vyetu vinavyonunua miwani hiyo kwa fedha nyingi vingefanya vyema kuajiri kwanza mtu wa kuuliza majina.

Nimalizie kwa yule kijana. Wiki mbili baada ya maonyesho alinipigia simu, akaja hadi kwangu Kawangware. Alikuwa na jambo la kunionyesha. Siku ya mwisho, ukumbi ulipokuwa ukifungwa, aliibandika simu yake kwenye kioo cha miwani akarekodi kilichopita ndani. Picha ilikuwa hafifu, pembe zake nyeusi, inatikisika. Alimpelekea mamake nyumbani, na alipokuwa akiitazama, kijana akamrekodi tena kwa simu nyingine.

Alinichezea rekodi hiyo. Picha siwezi kusema niliiona vizuri. Lakini sauti ya mama ilisikika: "Haa! Hapa ni kwa kinyozi. Rudisha nyuma. Huyu wa samaki ni Mama Akinyi, alihamia Kawangware huko kwa kina mwalimu. Hapa ndio mlango wetu. Ona pazia. Hii pazia nilinunua Toi ukienda form one, na mvua ya Aprili ikairarua. Kwa hivyo hii walipiga kati ya Januari na Aprili, usidanganywe."

Taasisi nzima haikujua filamu yake ilipigwa lini. Mama aliipa tarehe kwa pazia.

Nimemshauri kijana aitunze rekodi hiyo katika nakala mbili, moja iwe kwa mamake. Mama Akinyi tumeanza kumtafuta. Anasemekana kuuza samaki upande wa Congo, na ni haki yake kujua kwamba kuna ukumbi ambamo watu wamekuwa wakimwangalia akikaanga.